Zulaikho Hakatwi

Khujand

Kaka Firdavs,

Sisi wazima. Aprikoti tumezianika juu ya paa, na goti la Mama limepata nafuu.

Kanda ya harusi yako nimeihamishia kwenye kompyuta. Uliagiza dada Zulaikho akatwe asionekane humo, eti alituaibisha alipomwacha mumewe. Fundi wa video akanishauri, "Basi tuibane video iwe ndogo, sura zififie, kaka yako asimtambue."

Nikamjibu, "Thubutu uone! Usikate, usibane. Nataka hata kidoti chake cha shavuni kionekane akicheza."

Jana Mama alikiona kidoti kile. Akagusa skrini, akalia. "Mpigie mwanangu, arudi nyumbani."

Zulaikho amefika leo asubuhi. Ukitaka kukasirika, kasirika huko huko Moscow. Sisi hapa tumeshakula pamoja.

Mdogo wako asiyekuogopa tena,
Mehrangez