Mkono wa Mashine Hauishi Kuvunjika, na Mke Wangu Ameshuka kwenye Trekta

Mshauri wangu mpendwa, nakuandikia nimekaa juu ya ndoo bandani, naomba unisaidie maana mambo mawili yameharibika kwa pamoja na sijui nianze na lipi. Mimi na mke wangu tunafuga ng'ombe wa maziwa, na majani yao tunayakata kwa mashine ya kufunga kwenye trekta, ile yenye upau mrefu unaolala chini na visu vinavyokwenda na kurudi kama msumeno, mke wangu ndiye dereva na mimi ni mtu wa spana, tumeishi hivyo kwa raha kabisa mpaka msimu huu ulipoanza kuvunjika ule mkono wa mbao unaosukuma visu. Naweka mpya, anakata kidogo, unakatika. Naweka mwingine, vilevile. Kila mara ananiambia, "Baba watoto, kuna kitu kinagonga kule chini kabla haujavunjika," nami namjibu apunguze mwendo. Mwisho nikachoka, nikaenda kwa fundi wa kuchomelea akanitengenezea mkono wa chuma, nikajisifu kwamba huo hauvunjiki ng'o, na kweli haukuvunjika, kilichopasuka ni kichwa cha kisu, pale mkono unaposhikana na visu, kipande kikaruka kikapita karibu kabisa na mguu wa mke wangu. Akazima trekta, akashuka, akaniwekea ufunguo kiganjani. "Endesha wewe unayejua mwendo," akasema, bila hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililoniumiza. Nikabadilisha kichwa, nikaendesha taratibu kama nimebeba mayai, kikapasuka tena, naye huyo anakuja na chupa ya chai. Akanimiminia, akaniuliza kama nimeumia, basi. Afadhali angenicheka. Mvua iko karibu, majani yanakomaa shambani, na mimi nimemkosa dereva wangu. Nifanyeje na mashine, na yeye nitamrudishaje?

Mume wa Dereva

Mume wa Dereva,

Mashine inayorusha vyuma haisubiri gazeti, kwa hiyo nilipiga namba uliyoandika. Akapokea mkeo, wewe ukiwa unakamua. Tumeongea vizuri, na haya ninayoyaandika ameniruhusu.

Kwanza nikugombeze. Ile mbao imewekwa pale ili ivunjike. Visu vikikwama inakatika yenyewe, na vyuma vya bei kubwa vinasalimika, pamoja na miguu ya watu. Ilikuwa inakuambia kuna ugonjwa mbele, wewe ukaiziba mdomo kwa chuma. Kitoe leo.

Sasa tafuta ugonjwa. Zima trekta, na ufunguo ukae mfukoni mwa mkeo. Vaa glavu nzito, fungua ule mkono wa mashine uutoe, sukuma visu kwa kichwa chake. Vinatakiwa kuteleza. Vikikwama, kuna kidole kilichopinda kati ya vile vya chuma ambamo visu vinapita kwenye upau, kinyooshe kilingane na wenzake. Halafu tikisa kichwa cha kisu juu na chini. Nilimuuliza mkeo ule mlio ukoje, akasema, "Kama mtu anabisha hodi kwa funguo, na nikikata kona unazidi." Hapo nikajua: vibao vya chuma vinavyokishika kichwa vimelika, kinarukaruka, na kila pigo linauvunja mkono. Weka vipya, vikibane bila kukizuia. Mwisho vuta kamba kutoka kwenye mkono hadi ncha ya upau. Ncha ikiwa imebaki nyuma, isogeze mbele inyooke na kamba, la sivyo mkono unasukuma upande, na utavunjika tena hata dereva awe malaika.

Umeona? Mwendo haukuhusika. Angekuambia nani zaidi ya yule aliyekaa juu ya trekta?

Kuhusu kumrudisha, nilimuuliza mbona hapandi. "Dada, sikumkasirikia. Kile kipande kiliporuka niliuona uso wake. Aliogopa kuliko mimi. Nikaona nishuke, asije akaniangalia pale juu kwa hofu ile." Kisha akacheka. "Ila anakata vibaya, jamani. Shamba limebaki kama kichwa cha mtu aliyemkimbia kinyozi."

Kwa hiyo usimnunulie kitu, wala usitume mtu wa kukuombea. Mwite bandani mtengeneze pamoja, wewe ukikaza, yeye akisikiliza. Akisema bado inagonga, fungua tena bila ubishi. Na mkiwa hapo chini, mikono imejaa grisi, mwambie kwa mdomo wako kwamba siku ile uliogopa kumpoteza. Anajua, lakini bado anasubiri kukusikia ukisema.