Siku Tulipokwenda Ngome ya Petro na Paulo

Alhamisi, 13 Machi
Uji tena. Faraja kaondoka kabla sijaamka vizuri. Mwanangu alimaliza uhandisi huku Saint Petersburg mwaka jana, na bado ana shughuli. Shughuli gani, hasemi. Nimeshinda dirishani. Ng'ambo ya mto kuna mnara mwembamba wa dhahabu. Kumbe ni wa ngome, iko kisiwani, na ndani kuna kanisa na gereza. Vyote viwili! Nimefundisha historia Iringa mpaka nikastaafu, sijawahi kukanyaga mahali kama hapo. Lazima niione.

Ijumaa, 14 Machi
Baba Faraja kapiga simu kutoka Kilolo. Umemuuliza? Bado. Ameshaezeka nyumba ya kijana, anasubiri mwenyewe tu.
Jioni nikamuuliza Faraja anarudi lini. Akasema kesho atanipeleka ngomeni. Sikuwa nimeuliza habari za ngome. Nimekasirika. Lakini nitakwenda.

Jumamosi, 15 Machi
Daraja. Barafu mtoni. Upepo unaoshinda wa Kilolo mwezi wa saba. Kanisani wafalme wamelazwa kwenye majeneza ya marumaru. Mwendo mfupi tu kutoka hapo, seli za waliowapinga. Kitanda cha chuma, dirisha juu kabisa. Eti wafungwa walizungumza kwa kugonga ukuta. Walijuaje nani yuko upande wa pili? Nikagonga. Faraja hakucheka.

Nje, maajabu: watu wazima wamevua mashati, wameegemea ukuta wa ngome, wanaota jua, na barafu iko mbele yao! Bibi mmoja akanisalimu Kirusi. Nikamjibu kwa Kihehe, "Kamwene." Tukacheka wote.

Hapo nikamgeukia mwanangu.
"Unarudi au hurudi?"
"Sirudi, mama. Nimepata kazi. Nimeshasaini."

Kabla sijafungua mdomo, mzinga ukalia juu yetu. Nikamrukia, nikamng'ang'ania. Kumbe hupigwa kila siku saa sita mchana. Kelele ikaisha, sikumwachia. Inaniuma. Inaniuma sana.

Jumapili, 16 Machi
Nimekataa kumsemea. Nikapiga Kilolo, nikaweka spika, nikamkabidhi simu. Akamwambia baba yake mwenyewe, kwa kifupi. Nikadhani mtandao umekata.
Kisha sauti ya Baba Faraja, taratibu: "Huko nasikia kuna baridi. Una sweta la maana?"
Faraja akasema analo.
Nikatoka, nikawafungia mlango.