Hostia kwenye tope

Shoga yangu Tulia, nimempiga mtu kanisani. Mimi. Kwa mwavuli.

Andongwisye, yule mlinzi wa shule, kapokea hostia ya komunyo, halafu kaitoa mdomoni akaitia mfukoni. Katekista akapiga kelele kwamba anaiba Mwili wa Kristo.

Tukamburuta hadi nje kwenye tope. Wanaume wanampiga mateke, mimi namchapa mwavuli wa uso. Damu, shoga. Damu mpaka kwenye gauni langu.

Analia tu, "Ni ya mama, kalazwa hospitali ya Makandana, kaniomba nimpelekee."

Hostia ikamdondoka. Padri akapiga magoti, akaiokota na tope lake, akaila.

Kisha akatuuliza taratibu, "Na nyie, za kwenu mmeshameza?"

Tulia, yangu ilikuwa bado imeganda kwenye kaakaa.