Firigisi ya Bwana Athanas

Isaka, karibu na stesheni
Novemba 1953

Kwa dada yangu mpenzi Bernadina,

Shikamoo. Kabla hata sijakuuliza hali, natoa tangazo rasmi: firigisi moja ya kuku, isiyozidi ukubwa wa kidole gumba, imewatoa wazee wa ukoo wa marehemu mume wangu kule Kagongwa, wakaja Isaka kwa miguu kuijadili. Tangazo limekwisha. Sasa, hujambo? Shemeji je, bado anashuka mgodini na kile kifua chake? Watoto wameacha kukohoa vumbi la Geita? Sisi huku tu wazima. Mvua ndiyo haijatukumbuka, na ukuta wa jikoni unazidi kuinama kama mtu anayesikiliza umbea.

Tangu Mabula afariki na kuniachia hoteli hii ya vyumba vinne, sina shule nyingine ila wasafiri. Kusoma nilijifunza kwenye magazeti ya kufungia chumvi; wasafiri nawasoma kwenye sahani zao zinaporudi jikoni. Mgeni wa mara ya kwanza anataka shuka safi na kufuli. Yule anayerudi kila mwezi anataka kukuta kikombe chake chenye mkono uliovunjika pale pale alipokiacha. Stanslaus, karani wa pamba, hapati usingizi mpaka nimgombeze kwamba ameniingizia matope, kwa kuwa ndivyo mkewe anavyompokea. Basi namgombeza hata kiangazi. Hapo anaguna, anavua viatu, anasema sasa kweli amefika. Ndiyo maana kwangu kunajaa, na ile hoteli ya ng'ambo ya reli, yenye vitanda vya chuma, inalaza buibui.

Kuna mgeni mmoja anaitwa Bwana Athanas, Mhaya, mnunuzi wa ngozi. Hushuka na treni ya Mwanza, akalala kwangu, kisha akapanda lori la Runzewe. Alifiwa na mkewe. Watoto wako kwa bibi yao Kiziba, na nyumba yake ameifunga. Siku moja, akikoroga chai isiyo na sukari, aliniambia kwamba ufunguo anatembea nao kila mahali, ila hajui anautembeza wa nini. Neno lile lilinikaa. Nikaanza kumwagizia ndizi za kupika kwa watu wa treni. Kiti chake nikakielekeza dirishani, maana anapenda kuona watu wakipita. Kisha, dada, kila nilipochinja kuku nikamwekea firigisi. Mimi hula jikoni na mwanangu Limi, sikai na wageni. Sahani yake ilirudi tupu kila mara, nami nikaisoma nilivyopenda.

Unajua firigisi ni ya nani. Baba angeikosa sahanini mwake, nyumba nzima tungelala na njaa. Sasa mwezi uliopita alikuja Nkwabi, mdogo wake marehemu, kunisalimia, yaani kukagua mabati. Akaketi mezani, akawapa wote salamu yao ya mwangaluka, akatazama sahani yake: shingo na bawa. Akatazama ya Bwana Athanas. Akauliza kwa upole, mbele ya wageni, kama siku hizi ukoo wao unapata mabwana wapya bila kuarifiwa. Stanslaus akachekea kwenye mchuzi. Nkwabi akamwuliza kama anacheka au amekabwa na mfupa, maana mfupa una dawa.

Wazee wakaja Jumapili baada ya misa. Shauri lenyewe halikuwa la kuchekesha. Kama nimeweka mwanamume, nyumba inarudi kwa ukoo, mimi na Limi tunatoka, na Baba huko Runzewe anarudisha ng'ombe wa mahari, ambao wewe unajua walishakwenda kumwolea kaka. Au, alisema Nkwabi akitazama paa badala ya kunitazama mimi, yeye yuko tayari kunirithi, ingawa matatizo anayo ya kumtosha. Nikawajibu kwamba nilitaka tu msafiri ale kama mtu aliye nyumbani kwake. Mzee mmoja akauliza, nyumbani kwake wapi, hapa? Nikainuka kuwaongezea chai ambayo hawakuiomba. 

Bwana Athanas alikuwa ameshuka na treni, wakamwita. Akavua kofia, akasikiliza mashtaka yote. Kisha akasema wazee wamwie radhi, na mama mwenye nyumba amwie radhi zaidi: firigisi hali tangu utotoni, inamchafua tumbo, ila aliona haya kusema. Zote amekuwa akimpa paka chini ya meza.  Yule mzee aliyeniuliza akaanza kucheka mpaka akajishikiza kwenye fimbo, akamwuliza Nkwabi kama sasa anataka kumshtaki paka. Kesi ikafa hapo hapo. Nyumba imebaki yangu, na ng'ombe wamebaki walikokwenda.

Sasa lile nisilowaambia wazee. Nilijua ninachoweka kwenye sahani ile. Nilijua tangu firigisi ya kwanza. Mjane hawezi kumwambia mtu maneno kama hayo, lakini kupakua anaweza. Na ninakuambia zaidi: nadhani aliwadanganya. Alisikia jinsi nilivyobanwa, akajitwika aibu ya mgeni asiye na shukrani ili mimi nibaki na paa. Wiki nzima nimelala na wazo hilo, na baridi ya alfajiri sijaisikia.

Msalimie shemeji, apunguze tumbaku. Wapakate watoto kwa niaba yangu. Baba nimempelekea chumvi kwa lori. Barua hii isome ukiwa peke yako.

Ni mimi mdogo wako,
Generosa, Mama Limi

Nimeifungua tena bahasha. Jana Bwana Athanas alilala hapa. Nilichinja kuku, nikamwekea firigisi, na safari hii nikasimama mlangoni nione. Paka alikuwa ameshakaa chini ya kiti chake kabla sahani haijatoka jikoni.