Nimkatalie Evert Kabla Sijamsahau?

Mpendwa mshauri,

Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, kwa sababu Jumamosi nitatoa jibu, na nikishalitoa sitalirudisha. Mimi ni mjane wa miaka sabini na moja, nimeishi Haarlem, hapa Uholanzi, maisha yangu yote, nilizaliwa Machi 1945, mwishoni mwa ile baridi ya njaa ya wakati wa vita, mama akila vitunguu vya kupandia maua kwa kuwa hapakuwa na kingine, kwa hiyo nilizaliwa mdogo na nikabaki mfupi, hata kaka yangu Gijs, aliyezaliwa kabla ya vita na mrefu kama mlango, hadi leo hunitania, "Neel, ukikaa kitini miguu inaning'inia kama soksi kwenye kamba," nami hucheka, sikuwahi kuliona kuwa jambo.

Tarehe 14 Novemba nilimsikia daktari redioni akisema kuwa mtoto asiyekua vizuri tumboni na miaka yake ya mwanzo huenda akawa katika hatari zaidi ya kupoteza kumbukumbu uzeeni. Tangu siku hiyo najichunguza, na kila jioni naandika katika shajara nilichosahau.

Sasa, Evert, mjane mwenzangu, aliyekuwa mlinzi wa daraja la mfereji mpaka akastaafu, ameniomba tuhamie nyumba moja. Nilitaka kukubali. Lakini Januari nilishikwa na mafua makali, nikalala karibu wiki tatu, na nilipopata nafuu nikapanda baiskeli kumpelekea supu ya njegere, nikakuta viti vimepangwa duara sebuleni na binti yake Jorien anavirudisha mahali pake.

"Shangazi Neel! Hongera kwa siku ya kuzaliwa ya baba! Ila keki tuliimaliza jana."

"Keki gani?"

Jorien akamtazama baba yake. Evert akasema, "Mwache. Asiponipongeza huyu, mwaka hauhesabiki. Nimebaki na miaka yangu ile ile, nashukuru sana!"

Wakacheka, mimi nimesimama na sufuria mkononi. Nilipofika nyumbani nikaingia chooni, ambako kwetu kila nyumba hutundika kalenda ya siku za kuzaliwa za ndugu na marafiki, nikaona yangu bado iko Januari na leo ni Februari, na jina la Evert liko ukurasa wa Februari, na mshauri, ni nani asiyefunua kalenda ya chooni mwezi ukiisha, mama yangu alikuwa akisema mtu wa namna hiyo hana ndugu.

Kwa hiyo nimekata shauri. Nitamkatalia, na sababu sitampa, kwa sababu Evert alimuuguza mkewe mpaka mke akalisahau jina la mumewe, na sitamfanya auguze wa pili. Nimekwisha kujiandikisha katika nyumba ya wazee ng'ambo ya mto. Ninalouliza ni moja tu: nimwambie kwa barua au kwa mdomo?

Neeltje, Haarlem

*

Neeltje,

Si kwa barua wala kwa mdomo. Kwanza keti, hata kama miguu inaning'inia.

Hofu yako si ya kijinga, na pole nayo. Daktari hakukudanganya. Njaa ya utotoni huweza kuacha alama mwilini kwa miaka mingi, na kizazi chenu kina haki ya kuuliza imeacha nini. Lakini wewe ulisikiliza nusu. Yeye alisema hatari, wewe ukasikia hukumu. Wapo waliozaliwa baridi ile ile ambao humaliza fumbo la maneno la gazeti hili kabla sijanywa kahawa, na wapo warefu kama Gijs wasiojua tena njia ya kwao.

Na hiyo kalenda! Ulikuwa kitandani na homa wiki tatu, mama wewe. Ulitaka ijifunue yenyewe? Ningeogopa zaidi kama ungeifunua, ukalisoma jina la Evert, ukajiuliza Evert ni nani.

Ila mimi si daktari, na wewe pia si daktari. Kesho asubuhi mpigie daktari wako wa familia. Mwambie ulizaliwa lini na namna gani, omba akupime kumbukumbu, shinikizo la damu na masikio. Kimo chako hakibadiliki, hayo mengine yana dawa au yana msaada. Endelea na baiskeli. Shajara iandike, lakini acha kuorodhesha makosa kila jioni. Anayewinda makosa halali njaa. Na hiyo nyumba ya wazee, waambie wasubiri. Unaukimbia ugonjwa wa kusahau kwa kujifungia na upweke, na upweke ni miongoni mwa mambo ambayo madaktari hutuonya nayo.

Sasa la Evert, na hapa nakukemea kweli. Umemhurumia mpaka umemnyang'anya kauli. Unadhani hajui kuuguza ni nini? Anajua kuliko mimi na wewe. Na mtu huyo huyo, akijua yote hayo, amekutazama wewe na miaka yako sabini na moja, akakuomba mhamie nyumba moja.

Huenda akasema ndiyo. Huenda akasema, "Neel, mara ya pili sitaweza," na hilo nalo ni jibu la heshima, utalia, utalibeba. Lakini liwe lake.

Jumamosi nenda. Mweleze Evert yote uliyonieleza mimi, redio, homa, hofu na nyumba ya wazee, na kama daktari bado hajakujibu, hilo pia mwambie. Ukimaliza, nyamaza. Usimsaidie kujibu.

Mshauri wako