Kitanda Tulichokihamishia Upande wa Mbuzi

Baba Kioko,

Nimechoka, ndiyo maana nimekaa kukuandikia badala ya kufua. Kitengela uliyoiacha haipo. Uwanda umezungushiwa seng'enge, mbele yetu pamejengwa ghorofa, na pundamilia sijawaona mwaka huu. Fisi pia wameisha. Nikiwakumbuka fisi nakosa raha, kwa sababu ya kile kitanda.

Tulikuwa wageni hapa, tumetoka Ukambani miaka ya tisini na mbuzi wetu kumi na wawili, na fisi walichukua wanne kabla ya Krismasi. Jirani yetu, mzee Lemayian, alikukuta ukikoroma baada ya chakula cha mchana, akaniambia, "Mwalimu, huyu mzee akilala karibu na boma, mbwa atakosa kazi." Tulicheka. Lakini kesho yake mlikibeba kitanda ninyi wawili hadi chumba cha nyuma, dirisha linapotazama mbuzi, nami nikahamia kwa watoto ili nipate usingizi. Fisi waliukimbia mkoromo wako, hatukupoteza mbuzi mwingine. Ukawa unajisifu kanisani, "Mimi nafanya kazi hata nikilala."

Miaka kumi, Baba Kioko. Nami nilikuwa mwalimu wa sayansi, nikichora koo na mapafu ubaoni kwa chaki nyekundu. Ukisinzia kwenye baraza la chifu, nilikufinya. Ukiamka na kichwa kinauma, nilisema ni jua. Presha ilipopanda tulilaumu chumvi. Kisha kiharusi kikakuangusha pale mlangoni, na hukuamka.

Baada ya mazishi daktari mmoja wa Kajiado alinieleza taratibu. Wewe ulipenda nikueleze mambo, basi sikiliza. Tukilala, misuli ya koo hulegea. Njia ya pumzi ikibana, hewa hupita kwa shida, na ndiyo ile sauti. Kwa wengi huishia hapo. Lakini kuna watu ambao njia yao huziba kabisa. Mtu hukaa bila pumzi, ubongo hushtuka na kumwamsha kidogo avute hewa, na asubuhi hakumbuki kitu. Ikiwa hivyo kila usiku, mwaka baada ya mwaka, moyo haupati kupumzika, presha hupanda, na mchana mtu husinzia popote.

Akaniuliza, "Mama, alikuwa akinyamaza katikati, halafu anashtuka kama mtu aliyekabwa?"

Sikujua. Mkeo, na sikujua. Nilikuwa chumba kingine.

Alisema hakuna anayeweza kuapa kwamba ndicho kilichokuua. Sikumwomba aape.

Sasa ni Kioko. Anaendesha lori la mchanga kutoka Kajiado, na shingo imenenepa kama yako. Jumapili yeye na mkewe walikuja kula kwangu, akalala kwenye kiti chako. Akakoroma, kisha kimya. Nilitazama saa ya ukutani, mshale wa sekunde ukaenda, ukaenda, ndipo akashtuka. Mkewe akacheka. "Huyo ni baba yake mtupu. Mimi nilishahamia kwa watoto."

Nilimwambia aende hospitali. "Mama, kama kukoroma ni ugonjwa, ukoo wetu wote ungekuwa wodini." Nilipomwambia tena, akasema mwisho wa mwezi. Juzi akanisimulia, kama mzaha, kwamba alisinzia kwenye usukani karibu na Isinya, akaamshwa na changarawe za kando ya barabara.

Sikumfokea. Sina nguvu hizo tena. Nilimweleza habari ya kitanda, yote, hata lile swali la daktari. Sikuwa nimemwambia mtu. Alisikiliza akitazama chini, akanywa maji, akaenda zake bila kuaga.

Leo asubuhi amepita akaacha funguo za lori juu ya meza yangu. Nimeelewa: hataliendesha mpaka aonwe na daktari. Kesho tunakwenda Kajiado sisi watatu. Mkewe amerudi chumbani tangu juzi, na ana daftari la mtoto ambamo anaandika kila mumewe anaponyamaza. Tutalibeba. Safari hii daktari akiuliza, kutakuwa na mtu wa kumjibu.

Mume wangu, unisamehe wale mbuzi. Nilikuacha ukinyamaza peke yako, nikidhani unatulinda. Huyu sitamwacha. Nitakwenda naye hata mara kumi, mpaka alale kama watu wanavyolala.

Wewe pumzika sasa. Zamu yako imekwisha.

Mama Kioko