Nimefunga maji, na kesho tunamzika mama

Ijumaa, Rodi Kopany. Joto la kufukuta. Mawingu yamejazana upande wa ziwa tangu asubuhi, yananguruma tu, hayatoi kitu. Jua linakaribia kuzama na mimi nimejifungia kwenye kibanda cha pampu, naandika kwa simu. Nyumbani kuna watu wengi mno, na karibu wote leo hawataki kuniona.

Mama ninayemsema ni mama mkwe. Mimi kwetu ni Suna, Migori, na tangu niolewe hapa wananiita Nyar Suna, binti wa Suna, mpaka wakati mwingine nasahau kwamba nina jina. Mimi ndiye ninayetunza pampu ya kisima cha mji. Naiwasha, naizima, nasikiliza ikikohoa. Mama alipenda kujisifia kazi yangu sokoni kuliko nilivyoipenda mwenyewe. Alikuwa akiwaambia wenzake, "Muogopeni huyu. Nyar Suna akinuna, Rodi nzima inakauka."

Alikuwa na mdomo, mama huyo. Nilimpenda.

Kisima kilianza kutoa mchanga kidogo kidogo. Kwanza mabomba ya sokoni yakawa yanakwama. Kisha ukiacha mtungi utulie, unakuta tope limelala chini. Mzee wa Kiislamu mwenye hoteli pale stendi, ambaye hawezi kupita bila kumtania mtu, akawa ananisalimu kwa kuniuliza kama bado nauza maji au nimehamia kokoto. Nilicheka naye. Moyoni sikuwa nacheka, kwa sababu nilikuwa nasikia pampu inavyosaga.

Mafundi walipokuja waliitoa pampu, bomba moja moja, wakateremsha kamera ndani. Kisima chetu kina bomba refu lenye matundu membamba huko chini, ambalo huruhusu maji yaingie na kuuacha mchanga nje. Tuliyaona matundu yale kwenye kioo cha kamera. Yalikuwa yamelika, na mchanga ulikuwa unamiminika ndani kama unga kwenye gunia lililotoboka.

Fundi mkuu, mtu mpole kutoka Rongo, aliniuliza, "Hii pampu huwa mnaipumzisha?"

Nikamwambia ndiyo, kila siku, isipokuwa kukiwa na matanga.

"Na matanga ni mara ngapi?"

Tuliokuwa pale tukatazamana, halafu tukacheka. Matanga huku kwetu! Hakuna wiki inayopita bila hema kusimamishwa mahali. Na hapa Rodi hakuna aliyewahi kumnyima mfiwa maji. Nyumba ikifiwa, pampu haizimwi mpaka wageni waondoke, usiku na mchana. Nilikuta hivyo na sikuwahi kusikia mtu akiuliza. Fundi hakucheka. Alieleza kwamba pampu ikivuta bila kupumzika, maji hushuka chini ya kawaida yake, yanaingia kwa kasi na kubeba mchanga, na ile changarawe iliyozunguka bomba inahama na kuacha mapengo. Kisima chetu tulikiua wenyewe, kwa heshima.

Waliingiza bomba jembamba lenye matundu madogo zaidi ndani ya lile la zamani, wakajaza changarawe safi katikati. Kisha wakaleta kompresa, wakapuliza hewa chini, siku baada ya siku. Yalitoka maji rangi ya chai ya maziwa, yakaja kama uji mwepesi, na mwisho yakatoka meupe. Nilinawa uso nayo. Sioni haya kusema nililia.

Lakini fundi alinipa sharti. Valvu ifunguliwe robo tu, pampu ifanye kazi saa chache ipumzike, mpaka changarawe ikae sawasawa. "Ukiivuta kwa nguvu sasa, mama, mchanga utarudi. Na hakuna bomba lingine litakaloingia humo. Itabidi mchimbe kingine, na sijui nani atawachimbia."

Sasa nifike mahali ambapo sipendi kufika.

Wakati wote kisima kikiwa wazi na pampu imelala juu ya nyasi, watu walirudi mtoni. Mama alirudi pia. Nilimpelekea dawa ya kutia kwenye maji, akasema inanuka hospitali. Nilimchemshia. Lakini mimi nilikuwa nashinda hapa na mafundi, na mtu akishikwa na kiu hakai kungoja mkwe wake arudi. Alianza na homa, akasema ni malaria. Tulipompeleka hospitali Homa Bay tayari tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Homa ya matumbo, imetoboa utumbo. Walimpasua, walijitahidi. Siku aliyokata roho mimi nilikuwa hapa, nawashikia mafundi bomba.

Ndiyo matanga tuliyo nayo.

Jumatano familia ilikaa kupanga. Shemeji yangu Ochieng, mdogo wa mume wangu, alikuwa amefika kutoka Nairobi na mahema tayari. Alipanga jinsi maji yatakavyovutwa kwa mpira mpaka bomani, kila nyumba ya mkaza mwana ijaze mapipa yake, maana huku kila mke hupikia wageni wake kwenye nyumba yake. Alipomaliza nikasema haiwezekani. Nikasema nitatoa maji yote ambayo kisima kinaruhusu kwa siku, yote, soko litavumilia, lakini pampu itapumzika kama kawaida. Yatosha kunywa na kupika kama tukibana. Hayatoshi vile tulivyozoea.

Mkaza mwana hasemi "haiwezekani" mbele ya wazee, tena kwenye matanga ya mama mkwe wake. Najua hivyo.

"Shem," Ochieng akasema, polepole, "mimi nimeita watu. Kuna bus nzima inatoka Nairobi. Unataka wanawe maji ya kupima kwa kikombe?"

Nyanya mmoja, mke mwenza wa marehemu, alinishika mkono. Yeye hakuwa na hasira, na hilo liliniumiza zaidi. "Nyathina," akaniita, mwanangu, "tangu nizaliwe sijasikia matanga imekosa maji. Sasa ianze na ya huyu?"

Nilimtazama mume wangu, Baba Akoth, nikitaka aseme neno. Aliangalia viatu vyake. Sikumlaumu. Aliyekufa ni mama yake.

Leo mchana mwili ukafika. Sina maneno ya kile kilio. Wanawake wa jumuiya ya kanisa wakaanza kuimba, wageni wakaanza kumiminika, akina mama wakawagawanya nyumba kwa nyumba. Nilikuwa nimejaza tangi la nyumbani asubuhi na kuzima pampu kama ilivyopangwa. Tangi likaisha hata ugali wa kwanza haujageuzwa. Watu walinawa miguu, wakaosha magari. Magari!

Nilikuwa nimeinama kwenye moto nikasikia. Kutoka nyumbani kwetu mpaka hapa si mbali, na sauti ya pampu hii mimi naisikia hata nikiwa usingizini. Ilikuwa inanguruma. Nikashika mkoba wangu. Ufunguo wa kibanda haukuwemo.

Nilikuja mbio na unga mikononi. Baba Akoth alikuwa ameketi juu ya mtungi hapa ndani, peke yake, valvu imefunguliwa yote. Alikuwa na shati lake jeupe la kupokelea wageni. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuwa anayafuta.

"Niache," akasema. "Ni leo tu. Nitaizima mwenyewe."

Nilifungua bomba la pembeni nikakinga maji kwa kiganja. Yalikuwa bado meupe kwa macho. Nikayaacha yachuruzike, nikasugua vidole. Mchanga. Mwembamba sana, kama unga uliosagwa vibaya, lakini ulikuwapo.

Nilimwonyesha mkono. Aliutazama, kisha akageuza uso.

Nikazima.

Sijawahi kusikia kibanda hiki kikinyamaza vile. Alisimama, akanipa ufunguo, hata hakunitupia, aliuweka mkononi mwangu kwa adabu kama unavyompa mgeni. Akasema, "Mara mbili sasa. Mara mbili umemfungia mama maji." Akatoka.

Ningeweza kumjibu. Ningemwambia kisima hakitengenezwi pampu ikiwa ndani, na yeye mwenyewe alisaidia kuitoa. Ningemwambia nikiiacha ivute hivi, baada ya wiki chache mji wote uko mtoni, na Akoth wetu yuko mtoni. Anayajua yote hayo. Mtu aliyefiwa na mama yake hahitaji kueleweshwa habari za changarawe. Nilibaki nimesimama, nikalia mpaka pua ikaziba, kisha nikaanza kumkasirikia marehemu kwa kukataa ile dawa. Ndiyo, nilimkasirikia mama akiwa amelala nje kwenye jeneza. Naandika hapa kwa sababu hakuna mahali pengine pa kusema.

Ndipo nilipowaona kupitia dirisha. Akina mama wa bomani kwetu, wamejitwika mitungi, wanashuka mtoni.

Hili sikulifikiria Jumatano. Nilifikiria kisima. Nilijua kukataa kutaleta aibu, sikujua kutaleta mto ule ule kwenye sufuria za matanga ya mtu aliyeuawa na mto huo. Nilitoka nikawakimbilia, nikawaita, nikawaambia wayachemshe, tafadhali, ya kunywa angalau, yachemke kabisa.

Wengi waliendelea kutembea. Mmoja, mke wa Ochieng, ambaye tumekula naye sahani moja miaka yote hii, aligeuka. "Tutachemsha na nini, Nyar Suna? Kuni yote iko kwa nyama."

Nilirudi hapa. Nimekaa na ufunguo huu mpaka umepata joto la mkono. Nimejiuliza kama ningewasha hata kidogo, saa moja tu, nusu ya valvu, nani angeona. Kisha nakumbuka kila aliyewahi kuwasha pampu hii kwa ajili ya matanga alisema ni leo tu.

Sitawasha.

Lakini nina jiko langu, na mawe matatu ya nje, na kuni nilizoziweka kwa ajili ya wageni wa nyumba yangu. Nina mbao za lile banda la kuku ambalo halikumalizika. Nimeamua. Ninaporudi sasa naepua nyama. Moto wangu wote, mpaka kesho tukimaliza kuzika, ni wa maji. Nitapita nyumba kwa nyumba nikichukua mitungi iliyotoka mtoni na kurudisha yaliyochemka, atakayenifukuza anifukuze. Wageni wangu watalala njaa, na kwa mkaza mwana hakuna aibu inayozidi hiyo. Baba Akoth sijui kama atanisemesha kaburini. Sijui kama atanisemesha mwezi ujao.

Watasema Nyar Suna aliwapa watu maji ya moto kwenye matanga ya mama mkwe wake, na nyama hawakuiona. Waseme, na wakasimulie mpaka Migori. Mimi nataka tu wiki ijayo wawe hai wa kuyasema.